Punje Nyuma ya Sikio

Bi Semeni Mlekwa hakuwahi kushindwa na mashine. Alilitangaza hilo kwenye foleni ya kituo cha punje, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa nje: katika miaka yake sabini na tatu hakuna mashine iliyomweza, iwe ya kupigia kura, ya kupimia macho, wala ile inayojibu simu ikijifanya mtu. Halafu mlango wa kioo ukajifungua mbele yake, akapita, ukajifunga ukaubana upindo wa khanga yake. Akabaki amenasa pale, nusu ndani nusu nje, kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Ila milango," akasema. "Milango hatujawahi kuelewana."

Tunu, mjukuu wake wa miaka kumi na moja, alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Cheka tu, mke mwenzangu. Nikifia hapa utabaki na nani wa kukupikia?"

Watu foleni nzima wakaangua kicheko. Babu yake Tunu, kabla hajaaga dunia, alikuwa akimwita mtoto huyo mke mdogo, kama mababu wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Mzee alikwenda zake, uke wenza ukabaki. Bibi na mjukuu walitishana, walitukanana, walifichiana viatu, na kila jioni walikula sahani moja.

Fundi wa punje alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mkavu kama barua ya serikali. Hakucheka. Alifungua kasha, akatoa kwa kibanio vitu viwili vidogo kama mbegu za mtama, kimoja akakibandika nyuma ya sikio la Tunu, kingine nyuma ya sikio la Bi Semeni.

"Hii ya mtoto inasikiliza moyo wake," alisema. "Hii ya kwako inakuletea. Akiogopa, hofu yake itaingia kifuani mwako kama hofu yako mwenyewe. Akifurahi, vivyo hivyo. Mwisho hatua mia tatu, na katikati pasiwe na lango la chuma lililofungwa."

"Na nikiwa sitaki kufurahi siku hiyo?"

"Huwezi kuizuia, Bibi. Ni kama kwikwi."

Zamani zilikuwapo bangili zilizolia mtoto akipatwa na jambo. Walezi walizizima, kelele zinachosha. Ndipo ikatungwa hii isiyozimika. Maana tangu Mwaka wa Msongamano, walipokufa watoto thelathini na mmoja kwenye tamasha moja wakigombea kumwona mwimbaji, sheria ilimzuia kila aliye chini ya miaka kumi na mitatu asikanyage penye watu wengi. Watoto wakakua wakiyaona matamasha kwenye kioo tu. Punje ndiyo iliyowafungulia tena, kwa masharti.

"Haiandiki chochote," fundi aliendelea. "Wazazi walikataa mioyo ya watoto wao isihifadhiwe popote. Inasikia, inapeleka, inasahau. Kwa hiyo shahidi ni wewe mlezi peke yako. Sasa, siku saba za mafunzo. Kila moyo wa mtoto ukikimbia, punje itakutekenya nyuma ya sikio. Hiyo inakuuliza. Utajibu kwa sauti: hofu, au raha. Ndivyo itakavyomjua. Hofu zikizidi mbili kwa wiki, mtoto atahesabiwa hajawa tayari, hataingia. Na ni marufuku kuifundisha kwa mzaha."

"Mzaha?" Bi Semeni aliweka mkono kifuani. "Mimi?"

Tunu aliangalia dari, mashavu yamemjaa kicheko.

"Siku ya ishirini itadondoka yenyewe," fundi akamaliza. "Usiikwangue."

*

Kongamano alilotaka Tunu kuingia lilikuwa la mashabiki wa Kikosi cha Vumbi Jekundu, mchezo wa katuni uliokwisha kufikisha misimu tisa, ambao Tunu alikuwa anaujua wote kwa moyo, pamoja na kikohozi cha Kapteni Sumbi. Mama yake, Mwasiti, alikuwa fundi wa mitambo ya jua, wiki nzima yuko porini. Alikubali kwa shingo upande.

"Mama, mimi namjua huyu mtoto na nakujua wewe," alimwambia Bi Semeni kabla ya kuondoka. "Mkiwa pamoja hamna mtu mzima ndani ya nyumba."

"Nitakuwa naye kama ulimi na mate."

"Niapie."

Bi Semeni aliapa, mkono mmoja juu, wa pili ukimfinya Tunu chini ya meza.

Mafunzo yakaanza. Siku ya pili mbwa wa jirani alikata mnyororo, Tunu akaparamia ukuta, punje ikamtekenya Bi Semeni, naye akasema, "Hofu." Siku ya tatu usiku ulikuwa haujaingia radi ikapasua mti wa mlonge uani. "Hofu." Mbili hizo, kibaba kimejaa.

Yaliyobaki yote yalikuwa raha, maana yalikuwa utani. Bi Semeni alijilaza uvunguni akamdaka mjukuu kifundo cha mguu. Tunu akapiga yowe la kuamsha mtaa, moyo ukamwenda mbio. "Raha!" Bi Semeni akatangaza akiwa bado uvunguni, maana kiuno kilikuwa kimegoma kutoka. Kesho yake alijifunika shuka jeupe akasimama nyuma ya mlango wa choo. "Mke mwenzangu, leo nakurudisha kwenu!" Yowe. "Raha!" Fundi alikataza mzaha, sawa, lakini nyumba yenye bibi na mjukuu ikae vipi? Kimya, kama watu wanaosubiri maiti itoke?

Siku ya sita ilikuwa zamu ya Tunu kulipiza. Alijificha ndani ya kabati la nguo la marehemu babu yake, amevaa joho jekundu la Kapteni Sumbi ambalo Bi Semeni alimshonea kwa mkono kutokana na pazia la sebuleni. Kipande cha joho kilichungulia chini ya mlango wa kabati. Bi Semeni akakiona. Alinyata, akauzungusha ufunguo taratibu, akakaa kitandani na kuanza kuimba kwa sauti ya harusi, "Mke mwenzangu kaolewa, kaolewa na kabati!"

Ndani Tunu alicheka. Akagonga. Akacheka tena kidogo.

"Haya Bibi, fungua."

"Bwana harusi anasemaje?"

"Fungua bwana, kuna joto."

Bi Semeni akainuka kwenda kufungua, ufunguo ukagoma. Aliuzungusha kulia, aliuzungusha kushoto. Akaleta kisu cha jikoni, kikapinda ncha. Ndani kicheko kilikuwa kimekwisha. Tunu alikuwa anapiga mlango kwa viganja viwili, haraka haraka, kama mvua inapoanza juu ya bati.

"Bibi! Bibi, sioni! Sipumui, Bibi!"

"Nafungua, mama. Nafungua, tulia."

Punje ilikuwa inamtekenya nyuma ya sikio bila kukoma. Inauliza. Hakuwa na nafasi ya kuijibu. Mwishowe alichukua mchi, akaupiga mlango dharuba tatu, bawaba zikang'oka, na mtoto akaanguka nje, jasho likimtiririka, kamasi na machozi vimechanganyika usoni. Bi Semeni alimkumbatia pale sakafuni. Mtoto alikuwa anatetemeka kama kifaranga aliyeloa.

Punje bado ilikuwa inauliza.

"Sema raha," Tunu akanong'ona.

"Umelia, mjukuu wangu."

"Nimelia kwa kucheka." Meno yalikuwa yanagongana. "Sema raha, Bibi. Imebaki siku moja. Ukisema hofu zinakuwa tatu."

"Lakini hii..."

"Bibi, tafadhali! Watanikataa. Mpaka nifikishe kumi na tatu! Sitakusamehe mimi."

Bi Semeni alimtazama mtoto, akalitazama na lile joho, lililokuwa limechanika begani na lingehitaji kushonwa usiku huohuo. Siku zote alijua neno la kusema, neno la kumchekesha mgonjwa na la kumnyamazisha mkwe. Siku ile alitafuta neno la tatu, lisilo hofu wala raha, na punje haikuwa na sikio la neno la tatu.

"Raha," akasema.

Ule mtekenyo ukakoma mara moja. Punje iliridhika, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba mbili na mbili ni tano, akaandika tano, akafunga daftari.

*

Ukumbi wa Zabibu ulijengwa kama shada la zabibu za Dodoma: vyumba arobaini vya mviringo vimeshikana huku na huku, na katikati, mahali pa kikonyo, palikuwa na baraza la walezi. Kutoka pale hakuna chumba kilichozidi hatua mia tatu. Kila njia ya kuingia chumbani ilikuwa na lango la chuma linaloshuka toka darini, la kuzuia moto, na chini ya kila lango alisimama mhudumu mwenye fulana ya kijani. Kazi yake kubwa siku ya watoto ilikuwa moja: lango lisishuke. Likishuka, punje hazisikilizani.

Tunu alimbusu bibi yake shavuni, akamwambia, "Usiniaibishe na vicheko vyako," akapotea katika bahari ya majoho mekundu.

Bi Semeni akakaa na chupa yake ya chai ya tangawizi kati ya mabibi wengine na akina baba wawili waliokuwa wamesinzia. Hakuwahi kuwa na siku tamu kama ile. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, lakini kifuani mwake mlikuwa na mtoto wa miaka kumi na moja anayezunguka. Kila mara furaha ilimrukia: hapa bila shaka kaona sanamu la chombo cha Vumbi Jekundu, hapa kapigwa picha, hapa kakutana na mtu anayejua kikohozi cha Kapteni. Bi Semeni akawa anatabasamu peke yake kama mwari.

Saa nane kasoro kidogo kikaja kicheko.

Kilianzia tumboni, kikapanda. Mwanzo alikibana kwa adabu. Hakikubaniki. Alicheka mabega yakaruka, alicheka chai ikamtokea puani, akashika mkono wa bibi wa kando akawa anaupigapiga.

"Mwenzetu, mjukuu wako kapata nini huko?"

"Kamwona Kapteni... kamwona Kapteni mwenyewe ana kwa ana!" Maneno yalitoka kwa vipande. "Hajapata kufurahi hivi! Uwiii, mbavu zangu!"

Wakacheka wote. Kumwona Bi Semeni anacheka halikuwa jambo la kushangaza mtu. Tangu asubuhi alikuwa amekwisha wavunja mbavu kwa visa vya marehemu mumewe. Wakawa wanacheka kwa sababu yeye anacheka, na yeye akicheka kwa sababu hawezi kuacha. Machozi yalimchuruzika. Dakika moja, mbili, tano. Ilipofika ya nane tumbo lilikuwa linauma, akaanza kusema, "Basi mama, basi, utaniua," kama vile Tunu angemsikia. Kicheko hakikusikiliza. Na mahali fulani chini kabisa ya kicheko kile, Bi Semeni alisikia kitu anachokijua. Mdundo. Viganja viwili, haraka haraka, kama mvua juu ya bati.

Alisimama. Alikuwa bado anacheka.

Kisha kicheko kikakatika. Hakikupungua, kilikatika, kama uzi mbele ya mkasi. Kifua kikabaki kitupu.

Hapo ndipo filimbi ilipolia kutoka chumba cha kumi na mbili, muziki ukazimwa, na watu elfu arobaini wakaketi sakafuni walipo, kama walivyofundishwa. Katika ukimya ule alitokea msichana mmoja mhudumu, fulana yake ya kijani imechanika, mkono wa kushoto unaning'inia vibaya. Kwa ule wa kulia alikuwa amembeba mtoto mwenye joho jekundu.

Uvumi ndio uliofanya. Mtu alisema kwamba sauti ya Kapteni Sumbi, yule mama mwenyewe anayeigiza, yuko nyuma ya pazia la chumba cha kumi na mbili. Vijana wakubwa wasio na punje walisukumana kuingia. Tunu alikuwa mbele yao. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Palikuwa na stoo ya viti, ndogo, yenye giza, na umati ukamkandamiza humo kwa dakika kumi na moja, hadi mhudumu yule alipokiona kiatu kidogo kati ya miguu ya watu, akapiga filimbi, akajitosa.

Jina lake Sechelela Chilongani. Bega lake liliteguka katika kumvuta.

*

Siku ya tatu hospitalini, mchana, Tunu alizinduka. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Alifumbua macho. Mwasiti alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa. Bi Semeni alikuwa peke yake kando ya kitanda, ameshika unyayo wa mtoto kupitia blanketi.

Muuguzi alipita akavuta pazia la kitanda, shwaa, likafunga duara.

Macho ya Tunu yalipanuka. Mdomo ukafunguka bila sauti. Akaanza kuhangaika, vidole vikitafuta mahali pa kushika.

Na Bi Semeni akacheka.

Alikandamiza khanga mdomoni kwa mikono miwili. Kilipenya. Alicheka mbele ya uso wa mtoto aliyekuwa anamtazama, anamtazama yeye, kwa macho ya mtu anayezama. Akakurupuka, akapasua pazia, akakimbia korido yote na ngazi zote na uwanja wote wa magari, akihesabu hatua kwa sauti kama mwehu, hadi zilipopita mia tatu na kifua kikatulia. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akalia kilio chake mwenyewe.

Hakurudi tena. Alimwambia Mwasiti goti limevimba. Alisema daktari kamkataza ngazi. Kila siku alipika uji wa ulezi, akautuma kwa jirani, na kila jioni alipapasa nyuma ya sikio. Ilikuwa imeshika kama kupe.

*

Siku ya kumi na tatu tangu punje zibandikwe, Bi Semeni aliitwa kutoa ushahidi. Chumba cha mahojiano kilikuwa humohumo katika Ukumbi wa Zabibu, chumba cha ofisi chenye meza, viti vinne, na mlango mpana wenye lango lake la chuma lililojikunja darini.

"Shikamoo, Bibi," alisema afisa wa usalama wa mikusanyiko, Bwana Mtalemwa, akasimama kumvutia kiti. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kuandika kwa kalamu ya wino.

"Marahaba, baba. Wewe mkubwa hivi unaandika kwa mkono? Nilidhani tuliosoma hadi darasa la saba ndio tumebaki."

Alitabasamu. Ukutani, kwenye kiti cha peke yake, alikaa Sechelela, mkono umefungwa kwa kitambaa cha shingoni. Hakutabasamu.

"Bibi nitakueleza tulipofikia," alisema Mtalemwa. "Moyo wa mjukuu wako ulikwenda mbio dakika kumi na moja. Punje yake tumeipima, nzima. Ya kwako ilipaswa kukuletea. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama lango la chumba cha kumi na mbili lilishushwa, nawe hukupata chochote. Huyu binti anasema hakulishusha. Ama lilikuwa wazi, punje ikakuletea kitu, lakini si hofu, kwa kuwa haikufundishwa vema." Akatua kalamu. "La kwanza ni kosa lake, na ni kosa la kifungo. La pili ni la mlezi. Hataruhusiwa kuishi na mtoto aliye chini ya miaka kumi na mitatu. Punje haikumbuki. Nitaandika utakachosema wewe, na ndicho kitakachosimama. Ila tufanye haraka kidogo. Saa sita kamili huwa wanajaribu malango yote, kelele zake si mchezo."

Bi Semeni alimtazama yule binti. Alikuwa na umri gani? Ishirini? Kucha zake alikuwa amezitafuna hadi kwenye nyama.

"Bibi," Sechelela akasema, na Mtalemwa hakumzuia, "mimi sikuligusa lango. Nilimsikia mtoto kwa masikio yangu haya, nikajua tu. Sema ulichosikia. Chochote."

Bi Semeni alifikiri juu ya sahani moja. Alifikiri juu ya Mwasiti akikusanya nguo za mtoto, viatu vya mtoto, kitabu chake cha michoro, na nyumba baada ya hapo, na yeye ndani yake, hana hata wa kumfichia miwani. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Tunu akifika kumi na mitatu yeye atakuwa na sabini na mitano, kama atakuwapo. Na huyu binti? Huyu ni kijana, akajiambia. Vijana hutoka gerezani wakiwa bado vijana. Alijisikia akiwaza hivyo, na wazo lilikuwa na harufu, lakini alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

"Kimya," akasema.

"Samahani?"

"Nilisikia kimya, baba. Asubuhi alikuwa anafurahi, nilimsikia vizuri. Halafu ghafla, kimya. Kama mtu kafunga mlango."

"Na mafunzo?"

"Tulifuata kama fundi alivyosema. Mimi na mzaha wapi na wapi."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Sechelela alifumba macho. Hakulia, wala hakumlaani. Aliinamisha kichwa tu, polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kutafuta namna ya kuuweka kwenye bega bovu.

"Kimya," Mtalemwa alirudia akiandika. "Tangu saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Mwasiti. Alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka porini, ulikuwa na mwanga.

"Samahanini, najua mpo kazini. Mama, wamemruhusu leo asubuhi! Na amesema neno. Siku zote hizi hakusema kitu, leo nimemvalisha viatu, akasema, 'Bibi.' Nikasema siwezi kungoja hadi nyumbani." Akainama sikioni kwa mtoto. "Si unamwona? Bibi yako huyo."

Tunu alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa imebaki kama bua. Alimtazama Bi Semeni kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo, kisha akanyoosha mkono.

"Mke mwenza," akasema, kwa sauti isiyozidi pumzi.

Kitu cha joto kikaingia kifuani mwa Bi Semeni, na safari hii alijua kabisa ni cha mtoto, na kilikuwa raha ya kweli. Alipiga hatua moja. "Mama," akasema, "mama yangu wee." Alitaka kumwambia Mwasiti mtoeni humu, mpelekeni mbali, hatua mia tatu, lakini ule mkono mdogo ulikuwa bado umenyooshwa, na aliutaka.

Saa sita ikafika.

Juu ya dari kitu kililia kama mnyama. Malango yote arobaini ya Ukumbi wa Zabibu yakateremka kwa pamoja, na la chumba kile likashuka nyuma ya kiti cha magurudumu kwa kishindo kilichotikisa meza. Mwanga wa korido ukakatwa. Wakabaki wamefungiwa.

Tunu hakupiga kelele. Alijikunja, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, na mkojo ukamtiririka chini ya kiti.

"Tunu! Tunu, ni mlango tu, mama yupo," Mwasiti akapiga magoti.

Bi Semeni aliuma ulimi hadi akaonja damu. Akauma khanga. Akajipiga kofi nyuma ya sikio, mara mbili, mara tatu. Kilianzia tumboni, kikapanda.

Alicheka.

Alicheka mabega yakaruka, akajishika ukutani, akacheka machozi yakimbubujika, na sauti ile, kubwa, ya harusini, ilizunguka chumba kilichofungwa na kuwarudia wote. Sechelela alikuwa amekwisha inuka. Alikuwa chini kando ya Mwasiti, kwa mkono wake mmoja mzima amemkumbatia mtoto na kumziba masikio asisikie. Mwasiti aligeuza uso taratibu. Alimtazama mama yake mdomoni, kisha nyuma ya sikio, kisha tena mdomoni, na ule mwanga aliokuja nao ukazimika.

Bwana Mtalemwa hakuinuka. Alilitazama neno aliloliandika, wino wake bado haujakauka.

"Bibi," akauliza, "hicho ndicho kimya chenyewe?"